Kona ya Chini, Kushoto

Baba alinifundisha kwenye meza ya jikoni,
nikiwa na miaka tisa. Kadi zetu
zilikuwa vipande vya boksi la biskuti.
Simama kwanza, alisema. Kadi haipokelewi na mtu aliyekaa.
Maandishi yamtazame mgeni;
wewe jina lako unalijua.
Na mikono iwe miwili.
Mmoja ni wa kupokelea chenji.

Mkubwa akishusha kadi yake, wewe shusha zaidi.
Tukashushana, yeye mteja, mimi muuzaji,
kila mmoja akikataa kuwa juu,
mpaka vidole vikagusa sakafu
na mama, mwiko mkononi, akauliza kimeanguka nini.

Inagaki Tokuzo. Idara ya Mauzo.
Vali za mabomba, Amagasaki.
Miaka thelathini na minne ya kuinama.
Asubuhi alihesabu kadi kumi na tano,
kikasha cha ngozi, mfuko wa kifuani,
kamwe si ule wa nyuma ya suruali:
"Utamkaliaje mtu uliyekutana naye leo?"

Kadi ya mtu aliisoma yote, hata anwani,
akauliza, "Herufi hii kwenu inasomwaje?"
Mezani alizipanga kama walivyoketi wenyewe,
ya mkubwa wao ikipumzika juu ya kikasha
kama kichwa juu ya mto.
Hakuandika kitu juu yake mbele ya mwenyewe.
Usiku ndipo, kwa penseli, upande wa nyuma:
*Murase. Anamwuguza mamake. Usimpigie Jumatano.*

Alipostaafu, kampuni ilizidai zilizobaki.
Akarudisha mia mbili na kumi na moja,
zimefungwa kwa mpira.

Jumapili ile ile, kwenye mkutano wa mtaa
kuhusu siku za kutoa taka,
jirani mpya alisimama, akanyoosha kadi yake kwa adabu zote.
Mkono wa baba ukaenda kifuani wenyewe.
Ukakaa pale.
"Samahani," akasema, "zimeniishia."
Ndivyo husemwa. Hata aliyezisahau nyumbani
husema zimemwishia,
mwenzake asije akadhani hakustahili kupewa.
Baba alikuwa ameusema uongo huo mara nyingi.
Siku hiyo haukuwa uongo,
na sikujua nitazame wapi.

Akafa Februari, kukinyesha theluji yenye maji.
Nilisimama mlangoni na sinia jeusi mbele yangu.
Wakaja watu wa mabomba, mmoja mmoja,
wakatoa kadi, na kabla ya kuiweka
kila mmoja akaikunja kona, ya chini, kushoto,
akaipitishia ukucha wa gumba.

Nusura nipige kelele.
Nyumbani kwetu kadi haikupata kukunjwa!
Shangazi akaninong'oneza: ndiyo adabu ya msibani,
maana yake nimekuja kwa miguu yangu.
Binamu akasema hapana, ni chozi.
Mwingine, kwamba ni ili isitumike tena.
Hakuna aliyekuwa na hakika,
na sinia likazidi kujaa majina yenye jeraha moja.

Wa mwisho alikuwa mzee, mwavuli umemvunjikia.
Akapapasa kifua. "Samahani, zimeniishia."
Kisha akafungua pochi
akatoa kadi moja, ya manjano kwa uzee, kona zake nne nzima.
Akaigeuza ili inisomeke mimi.
Mikono miwili.
*Inagaki Tokuzo. Idara ya Mauzo.*

Nilishusha mikono yangu chini ya yake.
Akashusha zaidi.
Nikashusha.
Watu nyuma yake walingoja na theluji yao mabegani.

Sikuiweka kwenye sinia. Kimono ya msiba haina mfuko;
niliipenyeza kwenye mkunjo wa kifua,
wala sikuigeuza mbele yake.

Usiku, viatu vya wageni vilipokwisha mlangoni,
nikaigeuza. Penseli, imefifia, mwandiko si wa baba:
*Ameniuliza hali ya mama.*